Trekta ya Rweya

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, Gamaliel Rugemalira alichomoa waya wa plagi. Mashine ya kukata nyasi haina macho. Ukizungusha kisu chake kwa mkono huku waya umechomekwa, injini yaweza kuamka ikakuachia vidole vitano badala ya kumi. Waya ukishatoka, alifunga bomba la petroli, akainamisha mashine kwa ubavu juu ya gogo, kabureta ikiwa upande wa juu ili oili isiizamishe, akachukua kipande cha panga kuukuu na kuanza kukwangua uchafu ulioganda ndani ya sufuria. Sufuria ni jina alilolitoa mwenyewe. Lilikuwa bati pana lililofunikizwa juu ya kisu, na mtu yeyote aliyewahi kuosha vyombo angeliita hivyo.

Jumatatu moja ya Machi mwaka 1975 alikwangua nyasi zilizosagika, udongo mwekundu na buni sabini na tatu za kahawa. Hazikuwa mbichi. Zilikuwa zimechemshwa na majani ya viungo, zikaanikwa hadi zikakauka, tayari kwa kutafunwa. Ilikuwa akamwani, ileile ambayo Mhaya humpa mgeni kabla hajamuuliza habari za safari. Gamaliel alitafuna moja. Ilikuwa imeandaliwa na mtu anayejua kazi. Zilizobaki alizitia kwenye kikombe cha bati, akakiweka dirishani, akaendelea kunoa kisu kwa tupa. Kisha akaandika kwenye daftari la matengenezo: oili imebadilishwa, plagi imesafishwa, sufuria imetolewa nyasi, udongo na kahawa.

Mashine hiyo haikupaswa kuwapo. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu waliizungumzia kana kwamba iliangushwa na mvua. Mwaka mmoja kabla, kaya arobaini za juu kidogo ya Izigo ziliamriwa kutoka kwenye vibanja vyao, kwenye migomba na mibuni ya babu zao, zikajipange kwa mistari kwenye rweya ng'ambo ya barabara, ziwe Kijiji cha Ujamaa Tujitegemee. Asiyejua rweya aelezwe: ni uwanda wa nyasi, mawe na vichuguu, mahali ambapo wanawake hupanda njugu mawe na kukata nyasi za kuezekea, za kufunika mashina ya migomba na za kutandika sakafuni. Rweya hukipa kibanja nyasi, na kibanja hulisha watu. Kwenda kuishi rweya ni kama kuhamia kwenye tita la kuni ukitarajia kushiba.

Wanakijiji hawakugoma. Walichosema mkutanoni ni kwamba, kama ni lazima rweya ilimwe, basi iletwe trekta. Mwenyekiti Kagaruki aliona neno hilo ni la busara. Fomu ikaja kutoka Ofisi ya Zana za Mfano, na kwa kuwa zana zenyewe zilitolewa na nchi rafiki, fomu ilitaka Kiingereza. Katibu wa kijiji, mtu makini aitwaye Mwijage, alikaa nayo siku mbili. Neno trekta halikumsumbua. Lililomsumbua ni rweya. Kamusi haikulijua, kwa kuwa ni neno la Kihaya, hivyo akaanza kwa kulitia katika Kiswahili. Rweya ni nini? Ni mahali pa wazi penye nyasi, pasipo miti. Basi ni uwanja wa nyasi. Akafungua kamusi yake ya shuleni, akakuta uwanja wa nyasi kwa Kiingereza ni lawn. Mwijage hakuwa ameona lawn maishani mwake. Akaandika: lawn tractor, moja.

Kosa moja haliachi mke, na kalamu ya Mwijage haikumuumiza mtu. Dhuluma ilianza siku sanduku la trekta hiyo lilipofunguliwa. Ndani kulikuwa na kitu chekundu chenye matairi manne yasiyofika magotini, kiti kimoja, usukani, na kisu kilichofichwa tumboni. Walikipeleka rweya. Kilikwenda hatua saba, kikapanda kichuguu, kisu kikapinda. Watu wenye haya wangekirudisha sandukuni na kuandika barua. Lakini barua ingekiri kosa, na Kagaruki alikuwa ameshaahidi kwa maandishi kwamba trekta ya mfano itafanya kazi ya mfano. Akatangaza kwamba mashine haikosei. Kilichokosekana ni uwanja wake.

Uwanja ukatafutwa. Kibanja tambarare kuliko vyote, tena kando ya barabara ambako wageni wangekiona, kilikuwa cha Ma Alistidia, mjane wa Ta Karugendo. Yeye alikuwa ameshahamia rweya, kiwanja namba kumi na nne, lakini bado alivuka barabara kila asubuhi kukata mkungu na kupalilia. Migomba yake mia mbili ilifyekwa kwa siku mbili. Mibuni ikang'olewa na mizizi. Kaburi la Ta Karugendo, lililokuwa katikati ya migomba kama makaburi yote ya huku, likasawazishwa kwa sepeto, na juu yake pakapandwa majani mafupi yaliyoletwa ndani ya magunia. Palipokuwa jiko la mjane pakajengwa banda la mashine. Mwisho kikasimikwa kibao: USIKANYAGE MAJANI. Haya yote yalifanywa na watu waliobatizwa na wanaojua kusoma.

Gamaliel aliitwa baada ya hapo. Alikuwa Mlutheri wa Nyanga, aliyejifunza ufundi katika gereji moja mjini Bukoba, mtu mwembamba mwenye hasira ya polepole. Alikuja kwa baiskeli na mkoba wa spana. Mwanzoni alijiambia kwamba yeye ni fundi, na fundi hana ugomvi na mahali mashine ilipowekwa. Maneno hayo yalimtosha kwa miezi miwili.

Siku ile ya buni sabini na tatu alimkuta Ma Alistidia amesimama ng'ambo ya mfereji wa barabara, pale alipolazimika kusimama kwa sababu ya kibao.

"Ta Gamaliel, nasikia harufu ya kahawa," alisema.

"Imetoka ndani ya mashine, Ma."

Akampelekea kikombe. Mjane alinusa, akatafuna moja.

"Hii ni ya Karugendo. Hakuna mwingine aliyezidisha majani namna hii. Nilimwambia miaka thelathini apunguze."

"Anaitoa ya nini?"

"Swali gani hilo, waitu? Watu wameingia kibanjani kwake na chombo kinachonguruma. Ulitaka awaache wageni bila kahawa? Au kwenu Walutheri mtu akifa anasahau adabu?"

Watu wa pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akapigwa sepeto, na bado kahawa ilitolewa, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kagaruki aliitafuna. Mwijage, ambaye ndiye aliyeiendesha mashine kila Jumamosi, aliitafuna. Wageni wa Ofisi ya Zana waliopita kwa gari waliitafuna na kutema maganda kwenye majani. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani.

Sasa, mashine hiyo ilikuwa na mkono wa chuma kando ya kiti, wenye meno matano ya kupanga kimo cha kisu. Jino la kwanza lilikata juu, inchi tatu. Jino la tano lilikata karibu na udongo kabisa. Kahawa ilikuwa ya jino la pili. Gamaliel aliligundua hilo kama fundi anavyogundua mambo, kwa kubadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Kwenye jino la kwanza zilitoka nyasi tupu. Kwenye la pili ilitoka akamwani. Kagaruki alipotaka majani yawe mafupi zaidi, Gamaliel aliweka jino la tatu, na Jumamosi hiyo mdomo wa sufuria ulirusha ebitoke, ndizi za kupika, vilivyomenywa, vyeupe, vinavyofaa kuingia chunguni. Kwenye jino la nne zilitoka nyasi ndefu laini za kutandika sakafuni, zimefungwa mafungu kama za mkesha wa Krismasi, ingawa katika uwanja mzima hapakuwa na unyasi uliozidi kidole.

Ndizi zilipelekwa kwenye jiko la viongozi. Kwenye taarifa ya robo mwaka Kagaruki aliandika kwamba uwanja sasa unazalisha. Ma Alistidia aliomba kikapu kimoja tu, hata nusu yake. Akaambiwa ugawaji ni kwa walioshiriki uzalishaji, naye alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji. Gamaliel aliyasikia hayo akiwa ameshika bomba la griisi. Aliendelea kupaka griisi. Jioni, akipanda kilima cha Nyanga na baiskeli mkononi, aliwatukana watu wote hao kwa majina, na mwishoni akajitukana yeye.

Mwezi wa Juni ilikuja habari kwamba Ofisa Mkuu wa Zana za Mfano atatembelea uwanja siku ya Jumamosi. Kagaruki alitaka majani yalale kama kitambaa cha meza ya altare.

"Weka jino la tano," alimwambia Gamaliel.

"Jino la tano linakata chini mno, mwenyekiti. Sijui litatoa nini."

"Litatoa majani mafupi. Weka."

Gamaliel aliliweka. Kabla ya kazi kama hiyo fundi hujaza upepo matairi yote sawa, huiweka mashine mahali tambarare, kisha hupima kwa rula kutoka ncha ya kisu hadi chini, kushoto na kulia, kuhakikisha sufuria haikulala upande. Siku hiyo Kagaruki alikuwa amesimama nyuma yake akihesabu dakika, gari la Ofisa limeshaonekana kwenye kona, na Gamaliel hakupima tairi la kushoto. Ni jambo ambalo hakujisamehe.

Mwijage alizunguka uwanja mara tatu. Mara ya nne, katikati, injini ilipunguza sauti kama inavyofanya penye majani mazito, kisha ikaendelea. Nyuma ya mashine Ta Karugendo aliketi kwenye majani. Alikuwa na suti nyeusi aliyozikwa nayo na rozari shingoni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa vizuri upande wa kushoto, na upande wa kulia mvi zilikuwa ndefu kama alivyoziacha. Kisu kilikuwa kimeinama robo inchi.

"Samahani, Ta," Gamaliel alisema. "Ni upepo wa tairi."

"Zitaota," alisema Ta Karugendo. Akawatazama waliokuwa wamesimama. "Wageni wamepata kahawa?"

"Wamepata, tunashukuru," alisema Kagaruki. "Lakini hapa unafanya nini, Ta Karugendo?"

"Nimezikwa hapa."

"Kuzikwa si sababu. Wazima wamehama na vyungu vyao na mbuzi wao, sembuse wewe usiye na mzigo. Namba yako ya kiwanja?"

Hakuwa nayo. Mwijage akafungua daftari, akamwandika kama mkazi anayeishi nje ya mpango wa kijiji. Mgambo wawili walimshika mikono wampeleke kiwanja namba kumi na nne, kwa mkewe, na yeye hakukataa. Hata koti alilinyoosha kwanza. Lakini walipofika kwenye mfereji miguu yake ilizama udongoni hadi vifundoni, na haikwenda mbele tena. Walimvuta mara mbili. Kila mara udongo ulimrudisha hatua moja nyuma, hadi mgambo mmoja akateguka bega. Ng'ambo, Ma Alistidia alikuwa amesimama na khanga yake nzuri. Alikuwa amenyoosha mkono, na mkono wenyewe haukufika.

Ofisa Mkuu, aliyekuwa bado anatafuna akamwani, aliuliza kama mzee huyo ana nguvu. Akajibiwa kwamba alikuwa mchapakazi. Akasema basi hakuna haja ya kugombana. Nchi inajengwa na kila mwenye mikono, na ni aibu katibu mzima wa kijiji kupoteza Jumamosi zake juu ya mashine wakati kuna mtu anakaa palepale bure. Watu wakapiga makofi. Hivyo Ta Karugendo alifanywa dereva wa mashine inayokata nyasi juu ya kaburi lake. Posho hakupewa, kwa kuwa jina lake lilikuwa nje ya mpango.

Alikuwa dereva mzuri. Hilo Gamaliel alilisema kwa uchungu lakini alilisema. Hakukanyaga klachi ovyo, hakugeuza kona kwa kasi, na kila Jumamosi aliifuta mashine na kuiingiza bandani kabla ya kurudi alikotoka. Gamaliel alirudisha mkono kwenye jino la kwanza na kuufunga kwa waya, ili kisu kisimpitie tena mtu. Kahawa na ndizi zikakoma. Kagaruki alilalamika kwamba uzalishaji umeshuka, lakini uwanja ulikuwa unasifiwa na wapita njia, akaridhika.

Ma Alistidia alianza kuleta chakula kila Jumamosi mchana. Yeye aliketi upande wake wa mfereji na mumewe upande wake, kwa sababu kibao kilikuwa kinamkataza mmoja na udongo ulikuwa unamkataza mwingine. Siku ya kwanza Ta Karugendo aliifunua sahani akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Tunagawiwa."

"Na ebitoke?"

"Umevipita juu asubuhi yote, mzee wangu. Wewe ndiye dereva."

Alikula. Gamaliel, aliyekuwa ameamua kuja na Jumamosi pia, alijishughulisha na mkanda wa mashine ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mwezi wa Septemba Ma Alistidia alianza kukohoa. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Alikwenda kwa Mwijage akamwomba amwandikie ombi moja: kwamba akifa azikwe upande wa kulia wa mumewe, mahali alipojiwekea tangu alipoolewa. Hakudai kibanja. Hakudai migomba mia mbili, wala jiko. Alidai urefu wake tu na upana wake. Mwijage aliandika kwa Kiswahili safi, bila kutafsiri neno, na akatia sahihi kwa niaba yake huku macho yamemlowa. Tangu sanduku lilipofunguliwa mtu huyo hakuwa ameigusa tena kamusi.

Ombi lilikwenda Ofisi ya Zana za Mfano. Ofisi haikulikataa. Ofisi zenye akili hazikatai. Iliandika kwamba jambo hilo ni la kitaalamu, hivyo fundi wa mashine aeleze: je, mashine yaweza kupita juu ya kaburi jipya?

Gamaliel aliisoma barua hiyo mara nyingi bandani. Angeweza kusema yaweza. Lakini maisha yake yote alikuwa hajawahi kusema uongo juu ya mashine, na mtu anapokuwa na jambo moja tu la kujivunia huwa mjinga juu ya jambo hilo. Akaandika ukweli: mashine haipandi kifusi kinachozidi inchi tatu, na ikilazimishwa kisu kitapinda. Alidhani watasoma kwamba basi mashine ipite kando. Mtu yeyote mwenye mama angesoma hivyo.

Jibu lilirudi baada ya wiki mbili. Kwa mujibu wa ushauri wa fundi, kaburi litaharibu usawa wa uwanja na kuhatarisha mali ya umma. Ombi limefungwa.

Gamaliel mwenyewe ndiye aliyekwenda namba kumi na nne kumweleza. Nyumba ilikuwa ya fito na matope, sakafu imetandikwa nyasi ngumu za rweya. Alipiga goti mlangoni, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hakulazimika kulifanya.

"Ni kalamu yangu, Ma. Waliniuliza kuhusu mashine nikajibu kuhusu mashine."

Ma Alistidia alimtazama. Alikuwa amekonda. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa buni mbili za kahawa, za mwisho katika zile sabini na tatu, akampa moja.

"Tafuna," alisema. "Umeingia kwangu. Lakini nimekasirika, Gamaliel. Usije ukasema kwamba mama yule alisamehe. Nimekasirika nanyi wote, na nitakufa nimekasirika."

Alikufa Novemba, siku senene walipoanza kushuka, wakati watu wote walipokuwa nje na mifuko ya kuwakamatia. Senene walitua rweya, walitua migombani kwa waliobaki na migomba, walitua hata juu ya paa la kanisa. Kwenye uwanja wa mfano hakutua hata mmoja, kwa kuwa majani yalikuwa mafupi mno, hayana pa kushika. Ma Alistidia alizikwa namba kumi na nne, hatua mia nne na kumi kutoka kwenye mfereji. Gamaliel alizihesabu. Wachimbaji walivunja mipini miwili ya majembe kwa sababu ya mawe.

Jumamosi iliyofuata Ta Karugendo alikata uwanja wote kama kawaida, mstari kwa mstari. Alipomaliza hakuelekea bandani. Aliongoza mashine hadi kwenye karavati ndogo iliyowekwa juu ya mfereji kwa ajili ya gari la Ofisa, akavuka. Miguu yake haikugusa chini, ilikuwa juu ya vikanyagio, na udongo haukuwa na la kusema. Akakatiza barabara, akaingia rweya, kisu kinazunguka, kiti kinamrusha. Watu waliokuwa wakianika njugu mawe walisogea wampishe na kumwamkia. Alikwenda hatua kumi na tisa. Kisha mashine ikapanda kichuguu, chuma kikalia, injini ikazima. Ta Karugendo alishuka kuisukuma, na mguu wake ulipogusa rweya alitoweka, akawa amerudi chini ya majani ya uwanja, hadi Jumamosi nyingine.

Jumatatu Gamaliel aliikuta mashine rweya, imeinamia upande mmoja. Aliichomoa waya wa plagi palepale. Aliikokota hadi bandani kwa msaada wa Mwijage, akafungua nati, akakitoa kisu, akakiweka juu ya chuma na kukinyoosha kwa nyundo. Alikinoa kwa tupa pande zote mbili, akakitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati kuona kama kimelala sawa. Upande mmoja ulishuka, akaupunguza kidogo, kikatulia. Alijaza upepo matairi yote manne, akapima kila moja mara mbili. Kisha akapima kwa rula, kushoto na kulia.

Jumamosi Ta Karugendo alifika hatua ishirini na mbili.

Kagaruki hakukitaja kichuguu hicho kwenye taarifa zake, kama ambavyo hakuvitaja vingine. Lakini visu havifichiki, kwa kuwa vinaagizwa kutoka nje. Kisu cha tatu kilipovunjika, Ofisi ya Zana za Mfano iliandika barua kali juu ya uzembe wa madereva na mafundi, ikaleta fomu mpya ya kujazwa kila kisu kinapoharibika, yenye nafasi tatu: kilichoharibika, tarehe, sababu. Haikuuliza dereva anakwenda wapi. Iliagiza pia karavati iwekewe mnyororo. Mwijage aliupokea mnyororo huo, akautilia sahihi, na akaufungia kwenye kabati pamoja na kamusi.

Uwanja bado upo. Unakatwa kila Jumamosi na kusifiwa na wapita njia. Kibao kipo, kimepakwa rangi upya. Kwa hesabu ya mwisho Ta Karugendo alikuwa amefika hatua thelathini na sita kati ya mia nne na kumi, na mbele yake mawe yanazidi. Kagaruki alipewa cheti cha kijiji safi, akakitundika.

Na kila Jumatatu Gamaliel hunyoosha kisu, hukinoa, hukifunga, kisha hukaa juu ya gogo na kujaza fomu. Kilichoharibika: kisu. Tarehe: ya Jumamosi. Sababu: rweya. Fomu ya kwanza ilirudishwa kutoka ofisini na wino mwekundu chini yake, kwamba neno hilo halieleweki, fundi aandike kwa lugha ya taifa. Gamaliel aliazima kamusi ya Mwijage, akaipekua, akairudisha. Akachukua fomu safi na kuandika, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za mara ya kwanza: rweya.